Kwa nini dawa ya pumu hufungua kifua na kuukimbiza moyo

Mtu mwenye pumu akibanwa kifua huvuta salbutamol. Baada ya dakika chache misuli inayozunguka mirija ya hewa inalegea na pumzi inapita. Wengi huhisi na jambo jingine papo hapo: moyo unadunda haraka. Dawa ni ileile. Ujumbe wa kikemia unaozalishwa ndani ya seli, unaoitwa cAMP, ni uleule. Misuli ya mirija na msuli wa moyo yote huendeshwa na kalsiamu. Iweje mmoja ulegee na mwingine ukazane?

Vitabu vya shule hutupa jedwali: msuli wa moyo una mistari, misuli laini, kama ile ya mirija ya hewa, haina, seli za moyo zina matawi, seli laini zimechongoka pande zote mbili, yote miwili hufanya kazi bila kuamriwa na hiari yetu. Jedwali hilo ni sahihi na linafaa kwa mtihani, ila halijibu swali la mgonjwa wa pumu. Jibu limejificha kwenye jambo ambalo jedwali huliruka: kalsiamu ikishaingia ndani ya seli, inamshika nani? Kwenye moyo inashikwa na protini iliyokaa juu ya uzi mwembamba. Kwenye misuli laini inaanzisha safari inayoishia kwenye uzi mnene. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayoamua kasi, ustahimilivu, gharama ya nishati, na hata dawa gani itafanya nini.

Nyuzi mbili zinazoteleza

Kila msuli mwilini una uzi mnene wa protini iitwayo miosini na uzi mwembamba wa aktini. Miosini ina vichwa vingi vinavyochomoza pembeni. Kichwa hushika aktini, kikajikunja na kuivuta, kikaachia, kikashika mbele zaidi, kama wavuvi wanavyovuta kokoro ufukweni: mikono inapokezana, kamba haikatiki. Kila mzunguko wa kichwa kimoja hugharimu molekuli moja ya ATP, kemikali inayobeba nishati ya seli, na ATP hiyo ndiyo pia inayokifanya kichwa kiachie. Nyuzi zenyewe hazifupiki hata kidogo; zinapishana tu. Wazo hili lilichapishwa mwaka 1954 na makundi mawili tofauti, moja la Andrew Huxley na jingine la Hugh Huxley, ambao licha ya jina hawakuwa na undugu.

Mtambo huo ukiachwa peke yake ungevuta bila kukoma mpaka ATP iishe. Kwa hiyo kila msuli una namna ya kuuzuia, na ruhusa ya kuvuta hutolewa na kalsiamu. Seli iliyopumzika huiweka kalsiamu chini sana, kama mara elfu kumi chini ya kiasi kilichopo nje ya utando wake. Hata mlango mdogo ukifunguka kwa kitambo kifupi, kiasi cha ndani hubadilika ghafla, na protini husika hutambua mara moja.

Moyo: kizuizi kiko kwenye aktini

Tulijua kwamba moyo hautaki mzaha na kalsiamu kwa bahati. Mwanzoni mwa miaka ya 1880, Sydney Ringer, daktari wa London, alikuwa akichunguza mioyo ya vyura iliyotolewa mwilini na kulishwa maji ya chumvi. Ilidunda vizuri kwa saa kadhaa. Kisha akagundua kwamba maji yale hayakuwa yaliyokenekwa, yaani yaliyosafishwa kwa kugeuzwa mvuke, kama alivyodhani. Yalikuwa ya bomba. Alipotumia yaliyokenekwa kweli, mapigo yalidhoofika na kukoma. Maji ya bomba ya London yalikuwa na kalsiamu, na alipoirudisha kalsiamu hiyo, moyo ukadunda tena. Alichapisha masahihisho yake mwaka 1883. Dripu ya Ringer lactate inayotundikwa wodini leo imebeba jina lake.

Msuli wa mkono wako usingemwonyesha Ringer jambo hilo kwa urahisi, maana hutumia kalsiamu iliyo kwenye ghala lake la ndani. Moyo unahitaji ya nje kwanza. Umeme ukipita juu ya utando, milango ya kalsiamu hufunguka, hasa kwenye vifereji vinavyozama kutoka juu hadi ndani ya seli. Kalsiamu inayoingia ni kidogo, haitoshi kusinyaza msuli. Kazi yake ni kugusa milango ya ghala la ndani, nayo ifunguke na kumwaga kalsiamu nyingi zaidi. Kalsiamu inaita kalsiamu. Mpango huu unaupa moyo uwezo ambao msuli wa mfupa hauna: kuongeza au kupunguza nguvu ya kila seli katika pigo moja. Unapobeba mzigo mzito, mkono wako huita seli nyingi zaidi kazini. Moyo hauna seli za akiba. Zote husinyaa katika kila pigo, hivyo nguvu hurekebishwa kwa kubadili kiasi cha kalsiamu, au kwa kunyoosha nyuzi kabla ya pigo. Njia hiyo ya pili ni sheria ya Frank na Starling: damu nyingi ikirudi moyoni, kuta hunyooka zaidi, na pigo linalofuata husukuma kwa nguvu zaidi.

Sasa yule anayeishika kalsiamu. Juu ya uzi wa aktini umelazwa uzi mwingine mwembamba, tropomiosini, unaofunika mahali ambapo kichwa cha miosini kingeshika. Umeshikiliwa hapo na troponini, protini iliyotambuliwa na Setsuro Ebashi na wenzake nchini Japani katika miaka ya 1960. Kalsiamu ikiishika troponini, troponini hubadili umbo, tropomiosini husogea pembeni, na vichwa vya miosini vilivyokuwa tayari vinashika. Hakuna hatua nyingine katikati. Ndiyo maana pigo la moyo huja haraka na kuisha haraka: kalsiamu ikija, mlango wazi, ikiondoka, mlango umefungwa. Troponini hiyohiyo ndiyo madaktari huitafuta kwenye damu ya mtu mwenye maumivu ya kifua. Aina ya moyoni ina umbo lake mahususi, na ikionekana kwa wingi kwenye damu maana yake seli za moyo zimeumia.

Kulegea nako ni kazi. Moyo wa mtu mzima aliyepumzika ukidunda mara 70 kwa dakika, unadunda zaidi ya mara 100,000 kwa siku, na kila mara kalsiamu inabidi itolewe ili vyumba vijae damu upya. Karibu asilimia 70 hurudishwa ghalani na pampu inayotumia ATP. Sehemu kubwa ya iliyobaki hutolewa nje kwa mabadilishano: sodiamu inaingia, kalsiamu inatoka. Si ajabu kwamba mitokondria, zinazotengeneza ATP, huchukua karibu theluthi moja ya nafasi ndani ya seli ya moyo.

Hayo mabadilishano ya sodiamu ndiyo mlango ambao sumu za mishale ya Afrika zilikuwa zikipitia muda mrefu kabla ya maabara kuyafahamu. Mti wa Acokanthera, ambao utomvu wake ulichemshwa na wawindaji wa Kikamba, Kigiriama na Kiwaata, una sumu iitwayo wabaini. Wabaini huziba pampu inayotoa sodiamu kwenye seli. Sodiamu ikijaa ndani, haina sababu ya kuingia tena, na kalsiamu haipati njia ya kutokea. Inalimbikizana, moyo unakaza zaidi na zaidi, mapigo yanavurugika, mnyama anaanguka. Kuna hata panya mkubwa wa Afrika Mashariki, Lophiomys imhausi, anayetafuna gome la mti huo na kujipaka mate yenye sumu kwenye manyoya ya ubavuni, ili mbwa akimng'ata ajute.

Kombe, sumu ya mishale ya bonde la Zambezi, hufanya kazi kwa njia hiyohiyo. John Kirk, aliyekuwa na Livingstone kwenye safari ya Zambezi kati ya 1858 na 1864 na baadaye kuwa balozi wa Uingereza Zanzibar, aliitambua nguvu yake kwa kuonja bila kukusudia: mswaki wake ulikuwa umegusana na sumu, akaona mapigo ya moyo wake yamebadilika. Digoxin, dawa ya moyo inayotokana na mmea wa Ulaya wa jamii ya Digitalis, ni ndugu wa sumu hizi. Kwa kipimo kidogo, kalsiamu ya ziada humsaidia mwenye moyo dhaifu. Kikizidi kidogo tu, inakuwa mshale.

Limebaki suala la umeme. Moyo una waanzilishi wake, seli za nodi ya juu ya chumba cha kulia, ambazo Arthur Keith na Martin Flack walizieleza mwaka 1907. Hizo hujiwasha zenyewe. Wimbi huenea kutoka seli hadi seli kwa sababu seli za moyo zimeungana ncha kwa ncha kwenye diski zenye kazi mbili: viungo imara vinavyozuia seli zisichanike mbali zinapovutana, na vitundu vya protini ya koneksini vinavyoruhusu umeme upite moja kwa moja. Kwa hiyo mamilioni ya seli hufanya kama seli moja.

Wimbi hilo hukaa muda mrefu ajabu. Kwenye msuli wa mguu huisha ndani ya milisekunde chache. Kwenye chumba kikubwa cha moyo hudumu kama milisekunde 250 hadi 300, karibu muda wote wa kusinyaa. Katika sehemu kubwa ya kipindi hicho seli haikubali amri nyingine. Msuli wa mguu unaweza kupigwa amri mfululizo hadi ukakakamaa. Moyo hauwezi, na ni heri, kwa sababu moyo uliokakamaa hausukumi damu.

Misuli laini: swichi iko kwenye miosini

Misuli laini imetandazwa kila mahali ambapo mwili una mfereji au mfuko: mishipa ya damu, tumbo, utumbo, kibofu, mirija ya hewa, mfuko wa uzazi, hata mboni ya jicho na vinyweleo vinavyosimama ukisikia baridi. Seli ni nyembamba, zimechongoka ncha zote mbili, zina kiini kimoja katikati. Ukizitazama kwa hadubini huoni mistari, na wengi hudhani basi hakuna mpangilio. Mpangilio upo, ila si wa safu zilizonyooka. Aktini imefungwa kwenye vibonge vya protini vilivyotawanyika ndani ya seli na kando ya utando, mithili ya wavu wa mshazari. Msuli ukisinyaa, seli inajikunja na kujisokota, kiini chenyewe kikikunjamana. Vichwa vya miosini vimepangwa upande mmoja kuvuta huku na upande wa pili kuvuta kule, kwa urefu wote wa uzi. Kwa mpango huo seli laini huweza kufupika kwa kiasi kikubwa kuliko seli ya msuli wa mfupa, na kibofu hukaza vizuri kiwe na mkojo kidogo au kimejaa.

Troponini haipo hapa. Kalsiamu ikiingia, kutoka nje au kutoka ghalani, hushikwa na protini nyingine, kalmodulini. Kalmodulini iliyobeba kalsiamu huiamsha kimeng'enya, na kimeng'enya hicho hubandika fosfeti, kikundi kidogo cha kikemia, kwenye kichwa cha miosini. Miosini ya misuli laini haiwezi kufanya kazi ya maana bila fosfeti hiyo. Ruhusa, kwa maneno mengine, inaandikwa kwenye miosini yenyewe, na kuiondoa kunahitaji kimeng'enya cha pili, cha kubandua. Kuondoa kalsiamu peke yake hakutoshi. Ni lazima mbanduaji naye afanye kazi.

Hapa ndipo mambo yanapochelewa. Hatua ni nyingi, na vichwa vyenyewe hushika na kuachia polepole sana. Misuli laini huchukua sekunde nzima au zaidi kufanya kile ambacho moyo umeshakimaliza. Lakini polepole hiyo ina faida. Fosfeti ikibanduliwa wakati kichwa bado kimeshika aktini, kichwa hakiachii mara moja. Kinabaki kimeng'ang'ania bila kutumia ATP mpya. Wanafiziolojia wamelipa jambo hili uzito mkubwa, na nadhani wako sahihi, maana bila hilo hatungeelewa jinsi ukuta wa ateri unavyobaki umekaza mchana na usiku kwa miaka 70. Kushikilia mkazo uleule hugharimu misuli laini sehemu ndogo sana ya nishati ambayo msuli wa mfupa ungehitaji.

Tofauti nyingine ni idadi ya milango ya kuingilia. Moyo husubiri umeme. Misuli laini husikia umeme, homoni, mishipa ya fahamu, kunyooshwa, upungufu wa oksijeni na molekuli zinazotoka kwa seli jirani, nyingine zikipita bila kubadili umeme wa utando kabisa. Tumboni kuna seli maalumu, za Cajal, zinazotoa mawimbi ya polepole: kama matatu kwa dakika kwenye tumbo, kama kumi na mawili mwanzoni mwa utumbo mwembamba. Kwenye mishipa ya damu, seli za utando wa ndani hutoa oksidi ya nitriki, ugunduzi uliowapa Furchgott, Ignarro na Murad tuzo ya Nobel mwaka 1998. Gesi hiyo hupenya hadi kwenye misuli, hushusha kalsiamu na kumchochea mbanduaji wa fosfeti, mshipa ukapanuka. Nitrogliserini inayowekwa chini ya ulimi hutumia njia hiyo. Alfred Nobel, aliyetajirika kwa baruti ya nitrogliserini, aliandikiwa dawa hiyohiyo kwa ajili ya moyo mwishoni mwa maisha yake.

Ujumbe mmoja, majibu mawili

Turudi kwa cAMP. Salbutamol ikigusa kipokezi chake, cAMP hupanda, na cAMP huamsha kimeng'enya kingine kinachobandika fosfeti huku na kule. Kwenye misuli ya mirija ya hewa, hatua hiyo hupunguza kalsiamu ndani ya seli na kukifanya kile kimeng'enya cha kalmodulini kiwe kizito kuitikia. Miosini inakosa fosfeti yake, vichwa vinaachia, mrija unafunguka.

Kwenye moyo hakuna swichi ya miosini ya kuzimwa. Fosfeti zinabandikwa kwingine: kwenye milango ya kalsiamu, ikifunguka zaidi, na kwenye breki ya pampu ya ghala, breki ikaachia. Pampu ikikimbia, ghala hujaa zaidi, na pigo linalofuata humwaga kalsiamu nyingi zaidi. Troponini nayo hubandikwa fosfeti, lakini matokeo yake hushangaza wanafunzi: inaiachia kalsiamu haraka zaidi, yaani moyo unalegea haraka. Ni lazima iwe hivyo. Moyo ukidunda mara 180 kwa dakika, pigo zima na mapumziko yake vina theluthi moja ya sekunde. Kukaza kwa nguvu bila kulegea upesi kungeuacha moyo mtupu. Kwenye zile seli waanzilishi, cAMP huharakisha kujiwasha kwao. Salbutamol hupendelea vipokezi vya mirija kuliko vya moyo, lakini upendeleo si ukuta, na sehemu ya mbio hizo ni moyo kujibu mishipa ya damu ambayo nayo imelegezwa na dawa.

Ukishaona hivyo, dawa nyingine hujieleza. Nifedipine na amlodipine huziba milango ya kalsiamu ya utando. Kwa vipimo vya kawaida huathiri zaidi mishipa ya damu, na presha hushuka. Verapamil huziba milango ya jamii hiyohiyo lakini hugusa moyo zaidi, hasa njia za umeme, ndiyo maana hutumika kwa mapigo yanayokimbia.

Kizazi

Hakuna mahali ambapo misuli laini huonekana kwa uwazi kama kwenye mfuko wa uzazi, au kizazi kama wakunga wanavyosema. Kabla ya ujauzito una uzito wa gramu kama 60 au 70. Mwishoni mwa ujauzito hukaribia kilo moja, bila kumhesabu mtoto. Seli zinakua, na tofauti na za moyo, zinaweza pia kugawanyika. Seli za moyo hubadilishwa kwa chini ya asilimia moja kwa mwaka kwa mtu mzima, jambo lililopimwa mwaka 2009 kwa kutumia kaboni iliyotokana na majaribio ya mabomu ya nyuklia. Ndiyo sababu moyo ulioumia hupata kovu badala ya msuli.

Miezi mingi kizazi hukaa kimya kwa sababu seli zake haziongei vizuri. Uchungu unapokaribia, vitundu vya koneksini huongezeka, protini ileile tuliyoikuta moyoni, na vipokezi vya oksitosini, homoni inayosinyaza kizazi, huongezeka pia. Kizazi kinaanza kusinyaa kwa pamoja. Kila uchungu hubana mishipa inayopeleka damu kwenye kondo, kwa hiyo mtoto hupata oksijeni yake vizuri katika mapumziko kati ya uchungu mmoja na mwingine. Dripu ya oksitosini ikipita kiasi, mapumziko hayo hupotea, na hapo ndipo mkunga husikiliza mapigo ya mtoto kwa hofu.

Kondo likishatoka, kazi hugeuka. Mahali lilipokuwa limejishika pamebaki na mishipa iliyo wazi, ambayo muda mfupi uliopita ilikuwa ikipitisha zaidi ya nusu lita ya damu kwa dakika. Damu kuganda hakutoshi kuizuia. Nyuzi za misuli zimesukwa kwa mshazari kuizunguka mishipa hiyo, na zikikaza huibana ikafungwa. Mkunga akigusa chini ya kitovu anataka kusikia bonge gumu. Akikuta laini, hukikanda kizazi, kwa sababu kukanda nako ni kichocheo, na huhakikisha mama amepata oksitosini, yuniti 10, kipimo kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani kwa kila mama anayejifungua.

Oksitosini huharibika kwa joto na hutakiwa kuhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 8, jambo gumu kwa zahanati ambayo umeme wake hukatika. Carbetocin, dawa ya kazi hiyohiyo, iliyotengenezwa kustahimili joto huishi nje ya jokofu, na vidonge vya misoprostol pia. Misoprostol hugusa vipokezi vingine kabisa, vya prostaglandini, lakini ndani ya seli njia ni ileile: kalsiamu inapanda, kalmodulini inaishika, miosini inapata fosfeti yake, na mishipa inafungwa.